Mbwa wa Ukingo wa Msitu

Mwaka 1973 baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alihamishwa kutoka kwetu Hola akapelekwa Ijara, ng'ambo ya mto Tana. Ijara ya siku hizo haikuwa wilaya. Ilikuwa pembe ya kusini ya wilaya ya Garissa, nyika tambarare ambako ng'ombe wa Wasomali walilisha pamoja na makundi ya hirola, aina ya swala, na ukielekea upande wa bahari miti inazidi kukaribiana mpaka unajikuta umo ndani ya msitu wa Boni. Nilikuwa msichana wa miaka tisa. Vita vya shifta vilikuwa vimekwisha mwaka 1967, lakini watu wazima walipolisikia lori kwa mbali bado walikuwa wakinyamaza kwanza.

Kwenye ukingo wa msitu, mwendo mfupi kutoka nyumba za walimu, palikuwa na vibanda vichache vya Waaweer, watu ambao majirani wengi wamezoea kuwaita Waboni. Walikuwa wawindaji na warina asali tangu jadi. Wakati wa vita serikali iliwatoa msituni na kuwakusanya vijijini, wengi wao kandokando ya barabara ya Hindi kwenda Kiunga, upande wa Lamu; hawa wetu walikuwa wamebaki upande wa Garissa. Mkubwa wao alikuwa mzee mwembamba, mpole wa maneno, niliyemwita Babu. Mkewe nilimwita Bibi. Na walikuwa na mbwa.

Nimefanya kazi ya mifugo maisha yangu yote ya utu uzima. Nimechanja na kutibu mbwa wa polisi, mbwa wa walinzi, mbwa wa matajiri wa mjini na mbwa wasio na mwenyewe. Watu huniuliza mara kwa mara ni mbwa gani anayeweza kuwinda kweli na bado akakaa na watoto nyumbani bila hatari. Wanaouliza huwa tayari wana majina ya Ulaya mdomoni: pointa wa Kijerumani, vizsla wa Hungaria, mbwa waliochaguliwa kizazi baada ya kizazi waweze kunusa, kuonyesha ndege alipojificha, kumwokota majini, kisha jioni walale miguuni pa mwenye nyumba. Ni mbwa wazuri, sina neno nao. Lakini mbwa wa namna hiyo nilimjua Ijara nikiwa mtoto, hana cheti wala jina la ukoo, na niliona kwa macho yangu siku sheria ilipomwondolea nusu ya kazi yake. Wengi tulioyaona hayo tumeshazeeka, na sijaona aliyeyaandika.

Alikuwa mbwa wa kimo cha goti la mtu mzima. Manyoya mafupi yaliyolala, rangi ya mchanga au wekundu wa kichuguu, kifua cheupe mara nyingi. Masikio yamesimama, pua ndefu, kiuno chembamba, mkia umejikunja juu ya mgongo. Leo mtu wa mjini akimwona atasema ni mbwa koko. Afrika Kusini kuna waliowatetea mbwa wa sura hii. Johan Gallant aliandika kitabu juu yao mwaka 2002, akaeleza kwamba si machotara wa mbwa wa wazungu bali ni ukoo wa kale wa bara hili. Na mbwa wa Kongo, ambao Wambuti wa Ituri huwafunga kengele za mbao shingoni kwa sababu hawabweki kama mbwa wengine, walipelekwa Uingereza, wakaonyeshwa kwenye mashindano ya Crufts mwaka 1937, na leo wanaitwa basenji na wana daftari lao la ukoo. Wa Ijara hakuna aliyekuja kuwachukua. Walibaki mikononi mwa Babu na Bibi.

Nimetaja wawili kwa kusudi. Watu hudhani mbwa wa mwindaji huchaguliwa na mwindaji. Pale Ijara, mwenye neno la mwisho alikuwa Bibi.

Jike wao mkubwa aliitwa Tutaona. Jina hilo lilikuwa ujumbe kwa jirani mmoja aliyekuwa na maneno mengi, na kila alipoitwa mbwa, jirani alisikia. Tutaona alizaa chini ya uchaga wa nafaka, na watoto wake wakishafumbua macho na kuanza kuyumbayumba uani, Bibi alianza kazi. Aliwapa mfupa wenye nyama kidogo, mmoja mmoja, akawaacha wautafune mpaka utamu umewakolea. Kisha akamtuma mjukuu wake, mtoto wa kutambaa hasa, akautwae. Mbwa aliyeuachia na kumwangalia mtoto alibaki. Aliyenguruma alijaribiwa tena kesho yake. Akinguruma mara ya pili, alitolewa. Hakuuawa, alipewa watu wa mashambani ng'ambo ya mto, waliotaka mkali wa kufukuza nyani kwenye mahindi.

Babu naye alikuwa na jaribio lake, nalo lilikuja baadaye, miguu ya mbwa ikishapata nguvu. Alivuta ngozi kavu kwa kamba mbele ya pua zao na kuificha kichakani. Kila mtoto wa mbwa hukimbia, hilo halikumvutia. Aliyemtaka ni yule ambaye, akiitwa katikati ya mbio, anageuka. Nilimuuliza kwa nini hachagui wenye mbio zaidi.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "mbio wanazo wote. Mimi natafuta anayesikia."

Miaka mingi baadaye, chuoni Kabete, mwalimu wetu wa tabia za wanyama alituchorea ubaoni jinsi mbwa anavyojifunza kujizuia. Nilikuwa nikiandika huku namwona Bibi na mfupa wake.

Nilipelekwa mawindoni pamoja na kaka yangu kwa ruhusa ya baba, tukiwa tumeapa hatutakohoa. Tulitoka kabla ya jua. Babu alikuwa na upinde, podo la mishale, na kifuko kidogo cha majivu alichokuwa akikipigapiga kwa kidole ili aone upepo unakwenda wapi. Vigumba vya mishale vilikuwa vimefungwa kwa ngozi laini ili sumu isikauke na isimchome mtu. Sumu hiyo ilipikwa kwa magome na mizizi ya msunguti mpaka ikawa nyeusi na nzito, na hatukuruhusiwa kusogea karibu ilipokuwa jikoni. Tutaona alitembea nyuma ya kisigino cha Babu. Dume, mwanawe, alitembea nyuma ya Tutaona.

Tulimkuta tandala mdogo akila majani kwenye uwazi. Babu alipiga magoti, akasema bismillahi kwa sauti ya chini, akaachia. Mshale ulimpata nyuma ya bega. Mnyama aliruka, akapotea vichakani, na hapo ndipo nilipoona jambo lililonifanya niwapende mbwa hawa maisha yangu yote: hawakumfuata. Tutaona alikuwa anatetemeka, ngozi ya mapaja inacheza, macho yamekazia pale tandala alipopita, na makalio yake hayakutoka chini. Babu aliketi akatoa ugoro. Ukimfukuza mnyama mwenye sumu mwilini, alitueleza baadaye, atakimbia kufa kupona na utampoteza. Ukimwacha, atasimama karibu. Tulikaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi. Ndipo Babu alipopiga ulimi mara moja.

Tutaona aliinamisha pua na kwenda. Hakubweka. Alifuata tone la damu hapa, jani lililokunjwa pale, akipotea anarudi nyuma na kuzunguka mpaka aipate tena harufu. Tulipomsikia akibweka, mbweko mfupi wa kukatakata, Babu alianza kukimbia. Tandala alikuwa amepiga magoti, bado mzima. Mbwa wawili walikuwa wamemzingira kwa umbali wa hatua chache, mmoja mbele na mmoja nyuma, na hakuna jino lililokuwa limemgusa. Babu alichinja. Kisha alikata nyama yote iliyozunguka mshale, pande kubwa, akaifukia na kuikanyaga ili mbwa wasiilambe. Fungu la mbwa lilikuwa mapafu na damu iliyoganda. Walikula kwa zamu, wa kwanza akiwa Tutaona.

Kutokugusa kule kulifundishwa. Waaweer wa pale walikuwa Waislamu, na Babu alitaka kisu chake kimkute mnyama akiwa na uhai kila ilipowezekana. Qurani yenyewe, katika Sura ya Al-Maida, imeruhusu alichokamata mnyama aliyefundwa kuwinda, jina la Mungu likitajwa. Babu alilijua hilo, lakini alisema mbwa aliyezoea kuuma swala atazoea kuuma. Kwa hiyo mbwa wake walikuwa wa kutafuta, kuzingira na kuita. Ngiri walimpuuza, maana hawakupewa nyama yake hata siku moja. Kanga waliwatimua mpaka wakatua mtini. Nungunungu walimngojea nje ya shimo na kuita. Na Babu alipofuata ndege anayeongoza watu kwenye asali, mbwa hao hao walijua kunyamaza na kukaa mbali ili ndege asiruke.

Jioni ya siku ile nilimwona Tutaona amelala uani, na yule mjukuu wa kutambaa anamvuta sikio kwa mikono miwili. Aliinua kichwa, akamwangalia Bibi, akakirudisha chini. Mbwa mpole hawi mpole kwa sababu ameacha uwindaji. Subira iliyomkalisha chini mshale ulipokuwa unaruka ndiyo subira iliyomwacha mtoto avute sikio. Ni moja. Anayemwondoa mbwa wa kuwinda kwenye watu, akamfungia bandani atoke siku ya kazi tu, anaharibu vyote viwili, na hili nalisema baada ya kuwatibu mbwa wengi walioharibiwa hivyo.

Mwaka 1975 Bibi alitupa jike mmoja wa uzao wa Tutaona. Nyumbani kwetu hilo lilizua mjadala wa wiki nzima.

"Mwalimu, mbwa ni najisi," mama alimwambia baba. "Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa."

Baba, ambaye alikuwa amesoma chuo cha Qurani kabla ya kusoma cha walimu, alimjibu kwa heshima kwamba Mtume alitoa ruhusa kwa mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba. Mama akasema basi awe wa mifugo, na mifugo yetu ilikuwa mbuzi wanne. Masharti yakawekwa. Mbwa asivuke kizingiti. Chakula chake kiwe kwenye kigae chake, chini ya mkwaju. Akilamba chombo cha watu, kioshwe mara saba, moja kwa udongo, na mwenye kuleta udongo safi ni mtoto aliyezembea mpaka chombo kikalambwa. Nililisugua sufuria moja kwa udongo mpaka likang'aa kuliko liliponunuliwa. Mbwa huyo tulimwita Shwari. Alilala nje ya kizingiti kichwa kikielekea njiani, na mama, ambaye hakumgusa hata siku moja, ndiye aliyekuwa anakumbuka kama amekula.

Wasomali majirani zetu wengi hawakufuga mbwa. Walimpisha njiani, wakivuta nguo ili pua yake isiwaguse. Lakini sikuona mtu mzima akimpiga jiwe mbwa wa Babu. Kulikuwa na mama mmoja, mjane mwenye mbuzi wengi, tuliyemwita eddo, yaani shangazi, kama watoto wadogo wa ukoo wake walivyomwita. Siku moja fisi walivunja ua wake wa miiba na kuua mbuzi tisa usiku mmoja. Asubuhi alisimama mbele ya kibanda cha Babu, mbali kidogo na mbwa, akasema kwamba hata Watu wa Pangoni wa kwenye Qurani walikuwa na mbwa wao, amenyoosha miguu kizingitini, na Mungu akamtaja pamoja nao. Babu alielewa ombi hilo bila kuhitaji zaidi. Lakini wakati ule hakuwa na mbwa wa kutoa. Wote walikuwa kazini.

Kisha ukaja mwaka 1977.

Mwezi Mei serikali ilipiga marufuku uwindaji wote nchini Kenya. Tulisikia kwenye redio ya baba, baadaye tukaitwa barazani. Ni kweli kwamba kisheria Babu hakuwahi kuwa mwindaji halali. Tangu ukoloni leseni iliwekwa kwa bei na masharti ambayo mtu wa upinde asingeweza kuyafikia. Wawindaji wenzake wa upinde, Wawata wa upande wa Tsavo, walikamatwa na kufungwa kwa wingi katika msako wa 1956 na 1957, na mpango wa Galana ulioanza 1960 ili wawinde kihalali haukuwafikisha mbali. Ila Ijara ilikuwa mbali, na mshale hauna kelele. Marufuku ya 1977 ilikuja na askari wa doria. Arawale palikuwa tayari pametengwa mwaka 1974 kwa ajili ya hirola, na Boni ikafanywa hifadhi mwaka 1976. Kila upande Babu aliogeukia palikuwa na mpaka ambao hakuonyeshwa wakati unachorwa.

Afisa aliyekuja barazani alizungumza kwa adabu. Alieleza kwamba wanyama wanakwisha, na hapo alisema kweli. Alipouliza kama kuna swali, Babu alisimama.

"Mheshimiwa, upinde nitautundika. Mbwa nitamtundika wapi?"

Watu walicheka. Babu hakuwa amesema ili wacheke. Afisa alifikiri kidogo, akasema wafungwe kamba.

Mbwa wale hawakuwahi kufungwa kamba tangu wazaliwe. Babu alijaribu siku mbili, kisha akazikata, kwa sababu Tutaona alikuwa ameacha kula. Kila alfajiri walimjia mlangoni, wakasimama, wakamngoja achukue podo. Alitoka akaketi. Nao wakaketi. Jua likawakuta hivyo.

Miezi ikapita, na dume akachoka kungoja. Akaanza kutoka peke yake usiku. Siku moja alirudi na damu kifuani, na Babu alipofuata nyayo zake kinyumenyume alikuta ndama wa hirola ameraruliwa. Alikuja kwa baba jioni ile, na sijamwona mzee amefadhaika namna hiyo. Mbwa aliyefundishwa kutokugusa alikuwa ameua, na ameua ndama, jambo ambalo Babu mwenyewe hakulifanya katika umri wake wote. Mbwa wa kuwinda asiye na mwindaji hawi mbwa wa nyumbani kwa kuambiwa tu. Hurudi kwenye kazi aliyoijua, bila yule aliyekuwa akimwambia basi. Nimeona hilo tena na tena katika kazi yangu, na mara nyingi mbwa ndiye anayelaumiwa na kupigwa risasi.

Dume alipelekwa ng'ambo ya mto, kwenye mahindi na nyani. Tutaona, pamoja na binti yake mmoja, alipelekwa kwa eddo.

Kumgeuza mbwa mzima wa mawindo awe mlinzi wa mbuzi si kazi ndogo, na Babu aliifanya kwa uangalifu uleule wa siku zote. Wiki nzima alikwenda kulala na mbwa nje ya ua wa miiba wa eddo. Mchana alitembea nao nyuma ya mbuzi, akipiga ulimi kila Tutaona alipochomoka kumfuata digidigi. Alichukua mtoto wa mbuzi aliyezaliwa usiku, bado mbichi, akamweka mbele ya Tutaona amnuse. Eddo alitoa maziwa kila asubuhi katika kibuyu kilichopasuka, akayamimina kwenye kigae kutoka kwa urefu wa mkono. Ua ulikuwa mpaka: mbuzi ndani, mbwa nje, watu waswali kwa amani. Fisi waliporudi, nilisikia kutoka kwetu ule mbweko wa kukatakata niliousikia siku ya tandala. Tutaona alikuwa amewazingira na anaita mtu aje. Wachungaji wa eddo walikwenda na mienge. Msimu ule hakupoteza mbuzi.

Baada ya hapo wengine wakaja kuuliza watoto wa mbwa, kimyakimya, baada ya magharibi.

Naandika hivi bila kusema kwamba marufuku ilikuwa kosa. Leo naona jinsi mitego ya waya na mbwa wengi wasio na mafunzo vinavyoangamiza paa kwenye misitu ya pwani kama Arabuko-Sokoke, na singependa Boni iwe hivyo. Ila naona uchungu juu ya nani aliyebebeshwa lawama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na tembo zaidi ya 160,000. Kufikia 1989, mwaka Rais Moi alipochoma tani 12 za pembe, walikuwa wamebaki kama 16,000. Wengi wao hawakuuawa kwa mshale wa msunguti. Waliuawa kwa bunduki za rashasha, hata baada ya marufuku, na Garissa tuliisikia milio hiyo. Hirola nao, waliokuwa maelfu kwa maelfu nilipokuwa mtoto, walipukutika kwa ukame, maradhi na kubadilika kwa malisho mpaka leo wanakadiriwa kutofika 500. Watu wa Ijara wenyewe ndio waliokwenda mahakamani mwaka 1996 kuzuia hirola wasihamishiwe Tsavo, na ndio waliotoa ardhi ya Ishaqbini, ambako mwaka 2012 hirola 48 waliingizwa ndani ya uzio wasifikiwe na simba na mbwa mwitu. Katika mikutano yote ya uhifadhi niliyowahi kuhudhuria, sijasikia mtu akiuliza wawindaji wa zamani wa Kiaweer walijua nini juu ya mnyama huyo. Babu alijua kundi la hirola hulala upande gani wa upepo.

Mimi niliondoka Ijara kwenda sekondari, kisha Kabete. Ukame wa 1984 ulinikuta chuoni. Mwanawe eddo aliniandikia barua kwa niaba yake, ikanifikia, kwamba ng'ombe wamekwisha, mbuzi wamebaki wachache, na mbwa wamekula walichokula watu, yaani karibu na hakuna. Tutaona alikuwa ameshakufa kwa uzee kabla ya hapo. Babu alifariki mwishoni mwa miaka ya 1980. Upinde ulikuwa bado umetundikwa, uzi wake umelegea, na wanawe hawakuwahi kumfunza mbwa kwa sababu kumfunza kungekuwa ushahidi.

Nilirudi Garissa kikazi. Mafuriko ya El Niño ya 1997 yalileta homa ya Bonde la Ufa, na tulifanya kazi katika matope tukizika mbuzi na kondoo walioharibu mimba kwa mamia. Wakati wa maradhi makubwa ya ng'ombe na ngamia, mbwa husahaulika. Halafu kichaa cha mbwa kinapita nyuma yetu. Anayeumwa ni mtoto wa mchungaji, na dalili zikishaanza hakuna dawa. Kenya imejiwekea mpango wa 2014 mpaka 2030 wa kumaliza vifo hivyo, na njia yake inajulikana: kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, mwaka hadi mwaka. Kikwazo Garissa ni mbwa asiye na mtu wa kumshika. Sindano ni sekunde moja. Kumkamata mbwa anayeogopa mikono ni nusu siku. Mbwa wa uzao wa Bibi walishikwa na watoto. Mtoto anamkumbatia shingo, mimi nachoma, basi.

Na mtu akiumwa, nawaambia kabla ya kutafuta gari waoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha waende hospitali wakachanjwe bila kuchelewa. Wazee wa Ijara hawajawahi kunibishia hilo. Walishazoea kwamba kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa kwa bidii.

Shwari wetu alivuka mto na wazazi wangu baba alipostaafu. Alizaa Hola, na wanawe wakazaa. Damu nyingine imeingia humo, sidai kwamba ni safi. Mmoja ana masikio yaliyolala na mwingine ana miguu mifupi kabisa. Lakini wengi wao bado wana ule mkia, kile kifua cheupe, na kule kugeuka wakiitwa. Hawawindi. Wanalinda mahindi na ndizi za kaka yangu dhidi ya nyani na nguruwe mwitu, wanafuata mbuzi, na watoto wanakwenda nao mtoni, ambako wamenusa mamba kabla ya mtu yeyote kumwona. Nawachanja kila mwaka, hata sasa nilipostaafu.

Watoto wa mbwa wanapozaliwa, majirani huja kuomba, na siku hizi hata vijana kutoka Garissa mjini na Nairobi. Wanataka kumwona mama yao na kuuliza bei. Kaka huwaambia hakuna bei, ila wangoje mpaka mfupa upite. Mkewe ndiye anayeutoa, na anayetumwa kuutwaa ni mjukuu wake wa mwisho, aliyeanza kutambaa mwaka huu. Aliyenguruma mara mbili anakwenda kwa mwenye shamba asiye na watoto.